Dhahabu ya biarusi wa Afrika Kaskazini: kesho yake asubuhi ni ya nani?

Kuna picha imekuwa ikizunguka kwenye makundi ya WhatsApp, na kila inapoingia inaingia na maelezo mapya. Biarusi amekaa, kichwani kofia ya mahameli iliyochongoka, kifua kimefunikwa na safu kwa safu za lulu na mikufu mpaka nguo yenyewe huioni. Kwenye kundi la harusi ya ukoo wetu ilikuja na maneno haya: "Biarusi wa Moroko, kilo tano za dhahabu, zote kanunua bwana." Mmoja akajibu kwamba huko wanawake wananunuliwa kama ng'ombe. Shangazi yetu mmoja akakiona kiganja cha dhahabu kinachoning'inia shingoni, akasema huo ni ushirikina mtupu. Vijana wawili ambao hawajaoa wakanyamaza kabisa.

Karibu kila neno la maelezo yale lina kasoro. Kofia ile na lulu zile ni za Tlemcen, mji wa magharibi mwa Algeria. Kilo hizo hakuna aliyezipima. Na hata kama kila kipande kingekuwa dhahabu tupu, kusema "kanunua bwana" ni kuliruka swali lenyewe. Mtu akitaka kuelewa vito vya maharusi wa Afrika Kaskazini, mimi humwambia asianze na bei. Aulize hivi: sherehe ikiisha na jua likichomoza, kila kipande ni cha nani? Ukiuliza hivyo, lile fungu moja linalometameta linaanza kugawanyika lenyewe. Kuna vilivyo mali yake biarusi, kuna vilivyokodiwa au kuazimwa, na kuna vya ukoo ambavyo yeye ni mshika zamu tu. Vyote vinavaliwa na mwili mmoja, usiku mmoja, na hapo ndipo watu wanapopotea.

Maneno ya kuanzia

Afrika Kaskazini ninayoizungumzia ni Moroko, Algeria, Tunisia, Libya na Misri. Hizi si nchi za Waarabu peke yao. Waarabu walipofika katika karne ya 7 waliwakuta Waamazigh, na Waamazigh wapo mpaka leo: milimani Kabylie kule Algeria, kusini mwa Moroko, kisiwani Djerba, hadi kwenye oasisi ya Siwa ndani ya Misri. Wengi huwaita Waberberi, jina walilobandikwa na wageni. Nawataja mapema kwa sababu vito vya harusi vimegawanyika kwa kiasi kikubwa kwa njia hii: mijini, kama Fez, Tlemcen, Tunis na Tripoli, biarusi alivaa dhahabu, milimani, vijijini na jangwani alivaa fedha. Nikisema fedha hapa nina maana ya madini yenyewe, yale meupe. Si kila mwenye fedha alikuwa maskini, wala si kila mwenye dhahabu alikuwa tajiri. Lilikuwa ni jambo la mahali na ladha ya watu wa mahali hapo.

Neno la pili ni mahari. Kule huitwa sadaq. Sisi tukisema mahari kwenye vikao vyetu mara nyingi tunaweka vitu vingi ndani ya kapu moja: mahari yenyewe, mkaja wa mama, kilemba cha baba. Mkaja na kilemba vinakwenda kwa wazazi. Sadaq inakwenda kwa biarusi mwenyewe. Kurani, sura ya 4 aya ya 4, inaamrisha wanawake wapewe mahari yao, na sheria za nchi zile zimesimama hapo hapo. Sheria ya Familia ya Moroko ya 2004 inasema sadaq ni mali ya mke na atafanya nayo atakavyo, tena inaongeza kwamba msingi wa sadaq ni thamani yake ya kimaadili na ya ishara, si ukubwa wa kiasi. Tunisia ilienea desturi ya kuandika dinari moja tu kwenye mkataba wa ndoa. Ingekuwa ni bei ya kumnunua mtu, ingekwenda kwa muuzaji. Hii inakaa kwenye kabati la yule yule mnayesema kauzwa.

La tatu ni shabka, na hili ni la Misri. Shabka ni dhahabu ambayo mchumba wa kiume anamnunulia mchumba wake wakati wa posa: pete, bangili, mkufu. Mzizi wake ni ule ule wa neno letu shabaka, yaani wavu. Ni kitu kinachowanasa wawili pamoja. Shabka si mahari, ingawa mara nyingi hutajwa kwa pumzi moja na mahari, na ndiyo maana posa ikivunjika watu huishia mahakamani wakibishana nani abaki na bangili.

Hapo kwenye shabka ndipo habari za siku hizi zinapowagusa watu. Oktoba 2025 wakia moja ya dhahabu ilivuka dola 4,000 kwa mara ya kwanza. Wakia ni gramu 31.1, kwa hiyo gramu moja ya dhahabu safi ilifika kama dola 128. Wamisri wengi hupenda karati 21, yaani sehemu 21 za dhahabu katika kila sehemu 24. Gramu ya namna hiyo ikawa kama dola 112 kabla ya ujira wa sonara. Sasa chukua shabka ya kawaida tu ya gramu 30. Kwa mahesabu ya Mombasa na Unguja hizo ni kama tola mbili na nusu, tola ikiwa kipimo cha masonara cha uzito: bangili mbili, pete, mkufu mwembamba. Kwa bei ile tayari umeshapita dola 3,300. Kijana wa Kairo anayelipwa mshahara wa paundi za Misri anaitazama hesabu hiyo kama mtu anayetazama mlima. Ndiyo maana huko kumezuka miito ya kupunguza shabka au kuiacha kabisa, na ndiyo maana maduka yanauza kile ambacho wenyewe wanakiita dhahabu ya Kichina: mapambo ya shaba yaliyopakwa rangi ya dhahabu, ya kuvaliwa siku ya sherehe ili picha zipendeze. Kwa hiyo biarusi unayemwona kwenye simu yako akiwa anameremeta, huenda kidoleni ana pete moja ya kweli na mengine yote ni ya sherehe. Sioni aibu yoyote hapo. Aibu ni kumwingiza kijana kwenye deni la miaka mitano kwa ajili ya usiku mmoja.

Fedha ilipokuwa fedha kweli

Lugha yetu imehifadhi jambo ambalo tumelisahau. Fedha ni madini, na fedha ni pesa. Kwa mwanamke wa kijijini kwenye milima ya Atlas au Kabylie, miaka 100 iliyopita, maana hizo mbili zilikuwa kitu kimoja mkononi mwake. Bangili haikuwa mfano wa akiba. Ilikuwa ndiyo akiba. Mvua ikikosekana, au mume akifa na watoto wadogo, alikwenda sokoni na kipande kimoja, kikawekwa kwenye mizani, akarudi na nafaka. Mambo yakitengemaa, alinunua kingine.

Tena madini yenyewe mara nyingi yalikuwa pesa kabla ya kuwa pambo. Sonara alileta moto, mteja alileta sarafu. Moroko na Algeria ziliyeyushwa riale za Kihispania na sarafu za fedha za faranga za Kifaransa. Upande wa Bahari ya Shamu mpaka huku kwetu Unguja ilitamba riale ya Maria Theresa, ile yenye mwaka 1780, ambayo iliendelea kupigwa chapa kwa mwaka huo huo hata baada ya malkia mwenyewe kufa. Sarafu nyingine hazikuyeyushwa kabisa. Zilitobolewa tu na kutungwa kwenye mkufu, na ndiyo maana mpaka leo mtu anaweza kusoma mwaka na jina la mfalme wa Ulaya kwenye kifua cha bibi kizee wa Kiamazigh.

Sasa nataka tukitazame kipande kimoja kwa karibu. Kitu hiki Wakabyle, yaani Waamazigh wa Kabylie, wanakiita abzim, na kile kikubwa cha duara wanakiita tabzimt. Kusini mwa Moroko huitwa tazerzit, na viwili kwa pamoja huitwa tizerzay. Sisi tuna neno lake: bizimu. Hatukulichukua kwa Wakabyle, wala wao hawakulichukua kwetu. Wao na sisi tumelipata kwenye Kiarabu, kila mtu kwa bahari yake.

Bizimu halikuanza kama pambo. Mwanamke wa huko alivaa shuka lisiloshonwa, pande la kitambaa linalozungushwa mwilini na kukutana mabegani. Fikiria mtu aliyefunga lubega, lakini badala ya fundo moja begani ana pini mbili, moja kila upande, chini kidogo ya mfupa wa bega. Kila moja ina bamba la pembetatu, sindano ndefu, na pete iliyokatwa mwanya upande mmoja. Unakusanya kitambaa cha mgongoni na cha mbele, unapitisha sindano iingie na kutokea, unaipitisha ncha kwenye ule mwanya wa pete, kisha unaizungusha pete robo duara. Basi. Uzito wa nguo wenyewe ndio unaoivuta na kuikaza. Hakuna kifungo wala uzi, na mwanamke anaweza kuteka maji, kusaga na kunyonyesha, nguo ikabaki mahali pake. Baina ya pini hizo mbili huning'inia mnyororo, na kwenye mnyororo ndiko mapambo yanakojazana.

Ndiyo maana kusema "mabizimu ya harusi" kunahitaji uangalifu. Biarusi aliyavaa yale makubwa na mazuri zaidi siku ya harusi, kweli, lakini kesho yake aliendelea kuvaa bizimu kwa sababu bila hilo nguo ingemdondoka. Cherehani na nguo za kushona zilipoenea, bizimu lilipoteza kazi yake ya kila siku, likabaki na sherehe peke yake. Pambo lililokuwa la mwanamke aliyeolewa likageuka kuwa la biarusi tu, na leo wengi wanadhani ndivyo lilivyokuwa tangu mwanzo.

Tabzimt ya Kabylie ina kisa chake. Nyingi zimetengenezwa Ath Yenni, vijiji vilivyo kileleni katika mkoa wa Tizi Ouzou, ambako mpaka leo kuna familia za masonara na huandaliwa tamasha la vito wakati wa kiangazi. Ukiishika mkononi ni nzito kuliko ulivyotarajia, pana kama kisahani. Juu yake sonara amelaza nyuzi nyembamba za fedha na kuziunganisha kwa moto mpaka zikafanya vijumba vidogo vidogo. Ndani ya kila kijumba amejaza unga wa kioo uliochanganywa na oksidi za metali: kobalti hutoa buluu iliyokolea, na nyingine hutoa kijani na manjano. Kipande kinarudi motoni, unga unayeyuka, unakuwa kioo kigumu kilichoshikana na fedha. Marijani nyekundu huwekwa mwisho kabisa, kipande kikishapoa, kwa sababu marijani hutoka kwa kiumbe wa baharini na moto ungeiharibu. Geuza nyuma. Kwenye kazi nzuri za zamani, hata upande ule unaogusana na nguo, ambao hakuna atakayeuona, umepambwa.

Tabzimt hii alipewa mwanamke akijifungua mtoto wa kiume, akaivaa kwenye paji la uso watu wamwone. Aliyezaa wa kike hakuivaa hapo. Alivaa bizimu kifuani. Nalisema hili waziwazi kwa sababu watu wanaopenda vito hivi, nami nikiwamo, huwa tunaruka sehemu zisizopendeza. Urembo ule ulibeba pia hukumu juu ya mwanamke.

Siwa kulikuwa na pambo lingine la namna hiyo lenye zamu yake: sahani ya fedha inayoitwa adrim, inayoning'inia kwenye pete nene ya shingoni iitwayo aghraw. Aliivaa msichana ambaye hajaolewa. Siku za harusi alikwenda kuoga kwenye chemchemi, akaivua sahani ile, ikapewa mdogo wake au binamu anayefuata. Kipande kimoja kilipita kwenye shingo nyingi. Uliza hapo ni ya nani: si ya yeyote kati yao peke yake.

Walioyatengeneza

Jambo moja huwashangaza wengi. Sehemu kubwa ya vito vilivyovaliwa na maharusi Waislamu, Waarabu kwa Waamazigh, vilitengenezwa na masonara wa Kiyahudi. Sababu moja inayotajwa ni kwamba sheria ya Kiislamu ni kali juu ya kubadilishana dhahabu kwa dhahabu au fedha kwa fedha; uzito lazima ulingane, mkono kwa mkono, na Waislamu wengi waliona ni salama zaidi kuikwepa biashara yenyewe wasije wakaingia kwenye riba. Sababu nyingine ni historia: Wayahudi walipofukuzwa Hispania mwaka 1492, wengi walivuka kuja Moroko, Algeria na Tunisia, na mikono yao ilikuja na ufundi.

Mwishoni mwa miaka ya 1940 Moroko peke yake ilikuwa na Wayahudi kama 250,000. Katika miaka 20 hivi iliyofuata walio wengi waliondoka, kwenda Israeli, Ufaransa na Kanada. Kwenye miji midogo ya kusini kuna mitaa ya masonara iliyofungwa milango karibu kwa pamoja. Waislamu waliokuwa wanafunzi wao ndio waliorithi nyundo na vibanio, na mji kama Tiznit, uliojengwa miaka ya 1880, umeendelea kuwa mji wa fedha mpaka leo, na bizimu ndiyo nembo yake. Djerba, Tunisia, bado wapo masonara wa Kiyahudi wanaoketi kwenye maduka yao, na biarusi wa Kiislamu anakwenda kwao kama mama yake na bibi yake walivyokwenda.

Kiganja, marijani na makosa ya tafsiri

Narudi kwa shangazi na kile kiganja. Kinaitwa khamsa, yaani tano, na mzizi wake ndio uliotupa hamsini na Alhamisi. Kinavaliwa na Waislamu na Wayahudi pia. Kazi yake ya zamani ni kukinga kijicho. Kuna hata msemo wa mtaani, "khamsa machoni mwako", unaosemwa kwa anayetazama kwa husuda. Biarusi ndiye anayetazamwa kuliko wote siku hiyo, kwa hiyo ndiye aliyehitaji kinga kuliko wote. Marijani, shaba, chumvi, hina, vyote vilipewa kazi hiyo hiyo.

Je, ni ushirikina? Shangazi hayuko peke yake. Masheikh wengi wa huko huko wamekuwa wakikemea kutegemea hirizi kwa maneno yale yale. Lakini usimhukumu mvaaji kwa kumwangalia tu. Kuna anayeamini, kuna anayevaa kwa sababu bibi yake alivaa, na kuna anayevaa kwa sababu ni kizuri. Kwetu pia wapo wanaomfunga mtoto hirizi na wapo wanaomtia wanja bila kufikiria chochote.

Ninachokipinga zaidi ni zile orodha za mtandaoni zinazosema pembetatu ni mwanamke, mstari wa nyoka ni maji, nukta ni mbegu, kana kwamba vito ni maandishi na kuna kamusi yake. Pembetatu ile ile utaambiwa ni hema, ni jicho, ni tumbo la uzazi, kutegemea umemuuliza nani. Sonara alirithi umbo kwa bwana wake akalitengeneza vizuri kadiri alivyoweza. Maana zipo, lakini zimo vinywani mwa watu na zinatofautiana kutoka kijiji hadi kijiji. Anayeuza pambo kwa mtalii ndiye mwenye maana iliyonyooka kila siku.

Vivyo hivyo kwenye shanga kubwa za manjano ambazo biarusi wa milimani Moroko huvaa shingoni. Muuzaji atakuambia ni kaharabu, utomvu wa miti wa kale uliogeuka kama jiwe. Nyingine ni kaharabu kweli, kutoka Bahari ya Baltiki. Nyingine ni kopali, utomvu mchanga zaidi wa miti, ambao wazee wetu wa Mrima, pwani ya bara inayoelekeana na Unguja, waliuchimba ardhini na kuuita sandarusi na kuuza mpaka Marekani na Ujerumani kwa ajili ya vanishi. Na nyingi, nyingi sana, ni plastiki ngumu za kiwandani za karne ya 20. Sindano ya moto ndiyo jaribio la zamani: utomvu unanukia kama ubani, plastiki inanuka kama plastiki.

Wala si kila pambo ni la macho. Mashariki mwa Algeria na Tunisia kuna kidani kiitwacho skhab ambacho shanga zake zimetengenezwa kwa manukato. Karafuu, miski na viungo vingine husagwa, hukandwa mpaka viwe donge, hukatwa vipande vidogo, hutobolewa na kukaushwa. Biarusi akipata joto, kidani kinanukia. Kusini mwa Moroko hutunga hata karafuu zenyewe kwenye uzi. Karafuu haioti kule. Lazima ivuke bahari, na kwa miongo mingi tangu katikati ya karne ya 19 Unguja na Pemba ndizo zilizoongoza duniani kwa kuizalisha. Mwanamke wa Lamu au Unguja aliyewahi kuweka kikuba cha asmini kifuani hahitaji kuelezwa kwa nini harufu nayo ni pambo.

Lulu za Tlemcen

Tuitazame tena picha yetu. Vazi lile linaitwa chedda, na mwaka 2012 UNESCO iliingiza mila na ufundi wa vazi la harusi la Tlemcen kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Biarusi huanza na gauni la hariri yenye rangi ya dhahabu. Hina inachorwa mikononi. Mwanamke wa makamo anamsaidia kuvaa kaftani ya mahameli iliyotariziwa, kisha vito, kisha ile kofia iliyochongoka. Wanawake walioolewa wanaomzunguka nao huvaa mavazi yao ya harusi, kila mmoja lake. Safu zile za lulu zina kazi: zinafunika kifua na tumbo, na inaaminika zinazikinga sehemu za ndani za mwili dhidi ya mabaya na kumwekea uzazi wake salama. Ndiyo maana ni nyingi. Aliyeandika "kilo tano za dhahabu" hakuona kwamba nyingi ya zile safu ni lulu.

Mkoa kwa mkoa Algeria inabadilika. Kule Algiers, mji mkuu, biarusi hufunga kwenye paji la uso utepe mwembamba wa vito unaoitwa khit er-rouh. Msomaji wa Kiswahili anaweza kulisoma jina hilo bila mkalimani mara tu nikisema khit ni uzi: uzi wa roho. Kiunoni huvaa mkanda uitwao m'hazma, na wazee wetu wangelisikia hapo neno mahazamu.

Anayekuja na masanduku

Moroko mjini, mwenye harusi haswa baada ya biarusi ni negafa. Ni mwanamke ambaye kazi yake ni kumvalisha biarusi, kumbadilisha nguo mara kadhaa usiku kucha, kumwongoza namna ya kukaa na kutembea, na kusimama karibu naye mpaka mwisho. Ana kitu cha somo, yule mwanamke anayemfunda mwali, na kitu cha mpambaji wa siku hizi. Desturi inataja mavazi saba. Wengi leo huvaa pungufu. Biarusi hubebwa mabegani mwa wanaume kwenye kiti kilichopambwa huku wanawake wakipiga vigelegele.

Na vito vya harusi za Fez, mji wa kale wa Moroko, yaani taji, mkufu mpana wa kifuani, mkanda wa dhahabu unaoshika kaftani kiunoni, kwa sehemu kubwa ni vya negafa. Anavikodisha pamoja na nguo. Vingine ni dhahabu ya kweli ya zamani, vingi ni fedha au shaba iliyochovywa dhahabu na kutiwa vioo. Zamani familia kubwa ziliazimana; leo ni biashara yenye bei na malipo ya awali. Kukodi si jambo la kisasa lililoharibu mila, kama wengine wanavyolalamika. Ni njia ya zamani ya kumfanya binti wa mwalimu na binti wa mfanyabiashara wakae kwenye kiti kimoja cha heshima wakiwa wamevaa taji lile lile.

Alfajiri inapokaribia, wageni wakiwa wanasinzia kwenye makochi na watoto wamelala juu ya mapaja ya bibi zao, negafa na wasaidizi wake wanaingia chumbani. Taji linatolewa kwanza, kwa sababu limekandamiza kichwa tangu saa tatu usiku. Kisha mkanda, kisha mkufu mkubwa, kila kimoja kwenye sanduku lake lenye kitambaa laini, na msaidizi mmoja anahesabu kwa sauti ya chini. Wanamaliza, wanaaga, wanafunga masanduku kwenye gari. Mwilini mwa biarusi inabaki pete, bangili mbili za sadaq yake, na mkufu mwembamba wa bibi yake uliokuwa chini ya mikufu mingine usiku wote, ambao kwenye picha hauonekani.